Huruma Peke Yake Haisafishi Kidonda

Msimu wa kuvuna mpunga unapofika katika tambarare ya Kyela, wazazi wengi hushinda mashambani na watoto wadogo huachwa mikononi mwa dada na kaka zao. Mlezi wa namna hiyo huenda ana umri wa miaka minane au tisa tu. Mdogo wake akijikwaa kwenye kisiki, akichomwa na mabua makavu ya mpunga, au akichubuka goti juu ya changarawe za mto Mbaka, anayefika kwanza si mganga wa zahanati wala mwalimu, bali ni mtoto mwingine. Yeye ndiye anayeamua, katika dakika chache za kwanza, kidonda kitafanyiwa nini.

Kwa sababu hiyo, kitabu cha picha kinachomfundisha mtoto kuhudumia michubuko na kuwajali wenzake hakistahili kuhesabiwa kuwa kitu cha kuchezea. Ni kitabu cha sayansi, tena cha msomaji mwenye madaraka makubwa kuliko umri wake. Watu wengi hudhani kwamba kazi ya kitabu kama hicho ni kufundisha upole, na kwamba ujuzi wa tiba waachiwe watu wazima. Mawazo hayo yana upungufu. Upole usiofuatana na maarifa waweza kumdhuru yule yule anayependwa.

Adui aliyemo udongoni

Wako watu ambao, kwa nia njema kabisa, huweka majivu, vumbi, mafuta ya taa au majani yaliyotafunwa juu ya kidonda kibichi ili damu ikome. Damu pengine hukoma, maana hata bila vitu hivyo jeraha dogo huganda lenyewe. Lakini pamoja na vumbi huingia viini. Kimojawapo ni bakteria wa pepopunda, aitwaye Clostridium tetani, ambaye mwanasayansi wa Kijapani, Kitasato Shibasaburo, alifaulu kumwotesha peke yake katika maabara mwaka 1889. Bakteria huyu hujihifadhi katika umbo la mbegu ngumu ambazo huweza kukaa miaka mingi udongoni na katika mavi ya wanyama. Hustawi mahali pasipo na oksijeni, kama vile ndani ya tundu jembamba lililoachwa na msumari au mwiba. Humo hutoa sumu inayokaza misuli, kuanzia taya hadi mgongo.

Watoto wa Tanzania hupewa chanjo dhidi ya pepopunda wakiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14. Chanjo hiyo ni ngao kubwa, lakini kinga yake hupungua kadiri miaka inavyopita, na viini vingine vinavyotia usaha havizuiwi nayo. Kwa hiyo kuosha kidonda kunabaki kuwa kinga ya kwanza.

Kuosha kwenyewe hakuhitaji dawa ya ajabu. Maji safi yanayomiminwa kwa wingi huondoa mchanga na viini kwa nguvu ya mwendo wake, na sabuni husaidia kusafisha ngozi iliyokizunguka kidonda. Maji yanayofaa kunywa yatosha. Mahali ambapo maji ya mto au kisima yana mashaka, kama inavyotokea Kyela baada ya mafuriko ya masika, huachwa yatulie, yakachemshwa na kupozwa, kisha yakahifadhiwa katika chombo chenye kifuniko.

Kuosha huwasha, na mtoto hulia. Hapa ndipo mlezi mdogo anapojaribiwa kuacha kazi katikati, akidhani kwamba anamhurumia mdogo wake. Wahenga walikwisha kusema: mchelea mwana kulia hulia yeye. Kitabu chema kitamwonyesha dada akisema, “Pole, mdogo wangu, itawasha kidogo, nishike bega,” huku akiendelea kumimina maji. Katika picha hiyo moja huruma na sayansi zinakutana.

Kitabu kitumie vitu vilivyopo

Vitabu vya aina hii si vigeni duniani. Nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kilitolewa kitabu cha picha kiitwacho Doctor Dan the Bandage Man, kikiuzwa pamoja na plasta halisi ndani yake. Mvulana anayefungwa jeraha lake anajifunza naye kuwafunga wengine. Wazo hilo ni jema sana, kwa sababu mtoto huiga kutunza kwa kutunzwa. Hata hivyo, plasta za kitabuni huisha baada ya siku chache, na zikiisha duka ndilo linalotegemewa.

Kitabu cha mtoto wa Matema au Ipinda hakina budi kuanzia kwenye vitu vilivyomo nyumbani: maji, kipande cha sabuni, na kitambaa kilichofuliwa kikaanikwa juani. Ajali zake nazo ziwe za huko: panga la kupasulia kakao, ndoana ya samaki, mnyororo wa baiskeli, chungu cha moto. Mtoto akiona mahali anapopajua, hahitaji kuambiwa kwamba somo linamhusu.

Kadhalika, picha zenyewe zichunguzwe kwa makini. Mwaka 1960 mtaalamu wa saikolojia William Hudson alichapisha uchunguzi, uliofanywa kusini mwa Afrika, kuhusu namna watu wanavyotambua umbali katika picha. Njia zake zilikosolewa baadaye, lakini fundisho moja limebaki: kusoma picha ni ujuzi, nao hufundishwa kama kusoma herufi. Msanii akichora mkono unaotia vumbi kidondani, kisha akaukata kwa alama ya kosa, mtoto wa miaka minne aweza kuiona alama hiyo kama mistari tu, akauchukua mkono ule kuwa ndio mfano wa kufuata. Ni heri tendo baya lisichorwe kabisa katika kitabu cha wadogo. Lichorwe tendo jema, kwa utaratibu wake, ukurasa mmoja kwa kila hatua.

Utaratibu huo ni mfupi. Mlezi ananawa mikono kwa sabuni. Kama damu inatoka, mwenye jeraha mwenyewe, akiweza, anabana mahali hapo kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kwa muda wa dakika 10 bila kufunuafunua. Hivyo msaidizi haigusi damu ya mwenzake. Damu ikikoma, kidonda kinaoshwa kwa maji mengi, kisha kinafunikwa kwa kitambaa kikavu. Mlezi ananawa tena. Mwisho anamweleza mtu mzima yaliyotokea. Ukurasa huu wa mwisho usisahauliwe, kwa kuwa watoto wengi huficha majeraha wakiogopa kukaripiwa.

Kujua jeraha lisilo dogo

Hatari kubwa ya kitabu cha michubuko ni kumfanya mtoto aamini kwamba kila jeraha ni mchubuko. Kwa hiyo sehemu yake muhimu kuliko zote ni ile inayoonyesha mpaka. Kidonda kirefu kilichoachama, damu isiyokoma baada ya kubanwa dakika 10, tundu la msumari, jeraha la jicho, na kidonda kinachovimba, kutoa usaha au kuleta homa, vyote ni vya zahanati. Aliyeungua hupozwa kwa maji baridi ya kawaida kwa dakika 20, wala hapakwi mafuta au dawa ya meno. Ikiwa pameungua eneo kubwa hupelekwa kutibiwa. Aliyeumwa na nyoka hatulii nyumbani kungoja. Aliyeumwa na mbwa huoshwa jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hupelekwa hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu daima huua. Mtoto akimkimbilia mtu mzima kwa mambo haya hajashindwa kazi yake, ameitimiza.

Kazi kwa shule za sekondari

Tanzania ina historia ya kuheshimu elimu ya afya iliyo karibu na watu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana. Miaka michache baadaye, katika maandalizi ya Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto wa 1979, daktari David Morley na mwalimu Hugh Hawes wa Chuo Kikuu cha London walianzisha mpango wa mtoto kumfundisha mtoto. Msingi wake ulikuwa jambo ambalo kila kijiji cha Afrika kinalijua: mkubwa humlea mdogo.

Kinachokosekana si wazo, bali ni vitabu vyenye sura ya mahali. Kazi hii iko ndani ya uwezo wa klabu za sayansi za shule za sekondari. Wanafunzi wa biolojia wanaweza kuandika maelezo, wenye vipaji vya kuchora wakatengeneza kurasa, na mganga wa zahanati akaombwa kukagua usahihi. Kisha rasimu iletwe mbele ya watoto wa shule ya awali, nao waulizwe: “Hapa mnaona nini?” Watakapoeleza jambo lingine kuliko lililokusudiwa, picha ndiyo iliyokosea, si watoto, irekebishwe, ijaribiwe tena. Hiyo ndiyo njia ya sayansi yenyewe, kukisia, kujaribu na kusahihisha.

Kitabu kitakachopatikana kwa njia hiyo huenda kikawa na kurasa kumi na mbili tu, zilizoshonwa kwa uzi. Lakini siku ambayo mtoto wa miaka minane, akiwa peke yake na mdogo wake aliyechubuka, atapita vumbi na majivu na kwenda moja kwa moja kwenye chombo cha maji safi, kitabu hicho kitakuwa kimefanya kazi ambayo daktari aliye mbali asingeiwahi.