Mradi wa Hisabati Haukamiliki Kabla Haujaelezeka

Ipo dhana iliyoota mizizi katika vyuo vikuu vyetu kwamba mwanafunzi wa hisabati hana haja na lugha. Lugha, hudaiwa, ni ya wale wanaosomea fasihi, sheria na uandishi wa habari. Mwanahisabati ana alama zake, nazo zinajitosheleza. Matunda machungu ya dhana hii huvunwa katika mwaka wa nne, mwanafunzi anapotakiwa kuandika mradi wa utafiti chini ya msimamizi na kuutetea mbele ya jopo. Hapo ndipo wengi hukwama. Hesabu wamezifanya, lakini sentensi za kuziunganisha hesabu hizo hawana.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na huenda msomaji akauliza nimefuata nini katika shamba la wenzangu. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mara kwa mara wanafunzi huniletea rasimu za miradi ya aina hii ili niwakagulie lugha, na niliyoyasoma humo ndiyo yanayonisukuma kushika kalamu. Hoja yangu ni moja. Mradi wa hisabati hukamilika siku mwanafunzi anapoweza kulieleza jibu lake, kwa maneno yake mwenyewe, kwa mtu asiyekuwa mwanahisabati. Kabla ya siku hiyo, hata jibu likiwa sahihi, kazi ingali njiani.

Tuanze na hisabati yenyewe. Chukua sentensi mbili: "Kwa kila nambari, ipo nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo," na "Ipo nambari iliyo kubwa kuliko kila nyingine." Maneno ni karibu yale yale; kilichobadilika ni mpangilio. Sentensi ya kwanza ni kweli, na hata mtoto wa shule ya msingi anaijua, kwani ukimtajia nambari yoyote ataiongeza moja. Ya pili ni uongo mtupu. Mwanafunzi asiyeihisi tofauti hiyo ataandika uthibitisho utakaoporomoka, hata kama kila alama ameichora kwa mkono safi. Maneno kama "kila", "baadhi", "ikiwa" na "basi" ndiyo mihimili ya jengo zima.

Hoja hii ina uzito wa pekee katika kaunti za Kitui na Makueni. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, chenye makao makuu Kwa Vonza na bewa mjini Wote, kilipewa hati ya kujitegemea mwaka wa 2013 baada ya kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Elimu ya shahada imeletwa katikati ya nchi kame, ambako swali la kwanza la kila asubuhi ni la maji. Anayetafuta mada ya mradi hana sababu ya kwenda mbali. Iko mito ya msimu kama Tiva, Kalundu na Kaiti, ambayo hufurika kwa muda mfupi kisha ikaacha mchanga. Katika mito ya namna hiyo wananchi, wakisaidiwa na mashirika kama SASOL la Kitui, wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga. Ukuta wa mawe na saruji huukinga mto, mafuriko hujaza mchanga nyuma yake, na maji hujificha kati ya chembe za mchanga, ambako jua haliyafikii kwa urahisi.

Tuseme basi kwamba mchanga umejaa nyuma ya ukuta kwa urefu wa mita 100, kwamba mto una upana wa mita 10, na kwamba kina ni mita 2 penye ukuta, kikipungua taratibu hadi sifuri kule juu. Umbo hilo ni la kabari, yaani nusu ya sanduku, kwa hiyo mchanga wote ni mita za ujazo 1,000. Tukichukua kwamba asilimia 30 ya ujazo huo ni maji, tunapata mita za ujazo 300, ambazo ni lita 300,000, au mitungi 15,000 ya lita 20. Familia 50 zikichota mitungi 5 kila moja kwa siku, maji hayo yatadumu siku 60.

Hesabu hiyo haimshindi mwanafunzi wa shule ya upili. Chuo kikuu kinaanzia pale msimamizi anapouliza: Kwa nini kabari? Kwa nini asilimia 30 na si 20? Je, maji yote yaliyomo mchangani huchoteka, au mengine hung'ang'ania chembe na mengine kupotea katika nyufa za mwamba? Asilimia ikiwa 20, zile siku 60 zinageuka 40. Mvua zikichelewa, tofauti hiyo ya siku 20 ni akina mama na punda wakitembea mwendo mrefu kutafuta maji, na ni ng'ombe kuuzwa kwa bei ya kutupa. Milinganyo ya mwanafunzi inaweza kuwa mirefu na ya kupendeza, lakini maisha ya watu yamo ndani ya lile neno dogo, "tuseme".

Ndivyo ilivyo pia katika takwimu za mvua. Mwishoni mwa 1997 mvua za El Niño zilileta mafuriko nchini. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikuwa duni katika sehemu nyingi kame za Kenya. Anayeichanganya miaka ya namna hiyo, akatoa wastani, kisha akaishia hapo, amepata nambari sahihi isiyomsaidia mkulima wa Mwingi wala wa Kibwezi. Wastani haunyeshi. Kazi ya mtafiti ni kueleza nambari hiyo inaficha nini.

Sasa tutazame hali ilivyo. Katika rasimu nyingi ninazoletewa, utangulizi umeandikwa kwa Kiingereza cha kuazima, kilichonyooka kupita cha mwandishi mwenyewe. Sura ya pili imeshonwa kwa viraka vya kazi za wengine. Kisha huja kurasa za milinganyo, na mwishoni hitimisho la mistari miwili. Ukimwuliza mwenye kazi herufi fulani inasimamia nini, anainama kuitafuta katika karatasi zake. Miaka ya nyuma lawama iliwaangukia wale wanaouza miradi iliyokwisha kuandikwa. Leo zipo programu za akili bandia zinazotunga sura nzima kwa dakika chache. Kupiga marufuku peke yake hakutatosha. Kinga iliyo imara ni mazungumzo ya ana kwa ana, kwa kuwa aliyenunua sura hawezi kununua na ufahamu wake.

Haki inataka tuseme pia kwamba kosa si la wanafunzi peke yao. Msimamizi aliyerundikiwa wanafunzi kupita kiasi hukutana na kila mmoja mara moja au mbili, na saini yake hugeuka kuwa mhuri tu. Usimamizi ni kuuliza na kuulizwa. Andrew Wiles alipotangaza mwaka wa 1993 kwamba amethibitisha dai la Fermat lililowashinda wanahisabati kwa zaidi ya miaka 350, kazi yake ilipewa wakaguzi. Mmoja wao, Nick Katz, alimwuliza swali lililofichua pengo. Wiles alihangaika hadi mwaka wa 1994 ndipo akaliziba, akisaidiwa na Richard Taylor aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Ikiwa bingwa kama huyo alihitaji msomaji wa kumwuliza, sembuse kijana wa mwaka wa nne?

Na swali hutoka pande zote mbili. Mwaka wa 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya Magamba nchini Tanganyika, aliona mchanganyiko wa maziwa uliotiwa katika friji ungali moto ukiganda kabla ya ule uliopozwa kwanza. Alipouliza sababu, alichekwa. Baadaye alimwuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia mjini Dar es Salaam, ambaye hakucheka. Alikwenda kulijaribu jambo hilo, na mwaka wa 1969 wakachapisha makala kwa pamoja. Huo ndio usimamizi.

Wako watakaonijibu kwamba hisabati ni lugha ya ulimwengu mzima, na kwamba Kiswahili hakina istilahi zake. Alama ni za ulimwengu, nakubali. Kuelewa ni kwa mtu mmoja mmoja. Ama kuhusu istilahi, watoto wa Tanzania wamesomeshwa hisabati kwa Kiswahili katika shule za msingi tangu miaka ya 1960, na maneno kama mlinganyo, uwiano na kipeuo si mageni kwao. Hata Kikamba kimebeba hesabu ndani yake: sita ni thanthatũ, neno ambalo ndani yake unasikia tatu na tatu, kama lilivyokuwa neno la kale la Kiswahili, tandatu. Lugha zetu hazikungoja chuo kikuu ili zianze kuhesabu.

Sidai kwamba mradi mzima uandikwe kwa Kiswahili. Napendekeza mambo matatu yasiyohitaji bajeti kubwa. Kwanza, kila mradi uambatane na ukurasa mmoja wa Kiswahili au wa lugha ya nyumbani, utakaoeleza swali, mambo yaliyochukuliwa kuwa kweli, na jibu. Pili, kila kikao na msimamizi kianze kwa mwanafunzi kueleza, bila karatasi, amefika wapi na amekwama wapi. Tatu, katika jopo la kutetea mradi awemo angalau mtu mmoja asiyekuwa wa idara hiyo, mwenye ruhusa ya kusema, "Sijaelewa."

Kwako mwanafunzi, chagua swali dogo unaloweza kulimaliza, na uanze kuandika tangu wiki ya kwanza. Usiungoje mwisho wa muhula. Wengi wenu mtakuwa walimu. Mwalimu asiyeweza kueleza kwa nini kanuni fulani ni kweli hubaki na njia moja tu, kuwaamuru watoto waikariri, na watoto hao ndio watakaofika chuoni wakiamini kwamba hisabati haina maneno. Mnyororo huo unaweza kukatwa katika mwaka wa nne, kwa mwanafunzi mmoja na msimamizi mmoja wanaoketi na kuulizana.