Simba Yuko Mlangoni: Wewe Ungefanya Nini?

Ndugu msomaji, juma hili naanza na kosa langu mwenyewe, kwani mwalimu asiyekiri kosa lake hana haki ya kusahihisha daftari la mwingine.

Wakati wa likizo ya shule, watoto wa kota tunamoishi walikusanyika jioni moja kuuzunguka moto tuliokuwa tukichomea mahindi. Wengi wao walikuwa watoto wa askari. Waliomba hadithi ya kutisha. Nikaita, "Hadithi! Hadithi!" Nao wakaitikia kwa sauti moja, "Hadithi njoo!" Basi nikawasimulia habari za simba wa Tsavo.

Habari hizo si za kubuni. Mwaka 1898, reli iliyopewa jina la Uganda ilipokuwa ikijengwa kutoka Mombasa kuja bara, simba dume wawili wasio na manyoya marefu shingoni waliwavamia usiku wafanyakazi wa daraja la mto Tsavo, wakawakokota kutoka katika mahema yao. Maboma ya miiba hayakuwazuia. Wafanyakazi wengi walikimbia na ujenzi ukasimama, hata mhandisi John Patterson alipowaua simba hao mwezi wa Desemba, mmoja tarehe 9 na wa pili tarehe 29.

Nilisimulia kama wazee walivyotusimulia sisi. Kila nilipofika mahali pa hatari nilinyamaza, kisha nikamnyooshea mtoto kidole na kuuliza, "Simba yuko mlangoni. Wewe ungefanya nini?" Mmoja alisema angepanda juu ya dari. Mwingine alisema angemtupia simba ugali wa moto. Tulicheka na kuogopa kwa pamoja, na hiyo ndiyo raha ya hadithi ya motoni: msikilizaji naye yumo ndani yake.

Mara mvua ikaanza kunyesha. Nikaikatisha hadithi wakati simba bado anainusa hema, nikasema, "Tutaendelea kesho." Hapo ndipo nilipokosea.

Asubuhi mama mmoja, ambaye mumewe yuko kazini mbali na nyumbani, alibisha hodi kwangu. Alinisalimu kwa adabu, kisha akasema, "Mwalimu, mimi sikulala." Mwanawe wa miaka saba alikataa kwenda chooni, akalowesha kitanda, na usiku kucha alirudia swali moja: "Simba akija, nani atafunga mlango, na baba hayupo?"

Swali hilo liliniingia moyoni. Nilidhani mtoto anaogopa mnyama, kumbe aliogopa nyumba isiyo na mlinzi. Nyinyi mnaosoma ukurasa huu mnajua jambo hilo kuliko mimi. Baba au mama anapokwenda kulinda usalama wa wengine, mtoto wake hubaki akihesabu milango.

Nilimwomba mama yule radhi, na jioni nikawaita watoto tena. Kwanza nilimaliza habari za Tsavo hadi simba wa pili alipoanguka. Kisha nikawaeleza kwamba ngozi na mafuvu ya simba wale yako katika jumba la makumbusho mjini Chicago, Marekani, tangu miaka ya 1920. Nilimwona yule mtoto akivuta pumzi.

Ndipo nikasimulia habari za Kima, kituo cha reli hiyo hiyo, mwaka 1900. Simba alikuwa akiwaua watu kituoni. Mkuu mmoja wa polisi wa reli, Charles Ryall, alikaa usiku ndani ya behewa pamoja na wenzake wawili ili wamvizie. Wenzake walilala, naye akashika lindo. Lakini usingizi ukamshinda. Simba akaingia behewani, akamuua, akatoka naye dirishani. Nikanyamaza, nikauliza, "Wewe ungekuwa Ryall, ungefanya nini?"

Yule mtoto wa miaka saba alijibu kabla ya wote: "Ningesikia usingizi, ningemwamsha mwenzangu ashike zamu."

Askari aliyekuwa amesimama nyuma yetu alipiga makofi. Usiku ule, mama aliniambia baadaye, mtoto alimwamsha dada yake, wakashika tochi, wakaenda chooni wawili.

Kutokana na hayo nawashauri wazazi mambo matatu. Kwanza, msimpeleke mtoto kulala wakati mnyama wa hadithi angali hai au angali mlangoni. Hadithi yaweza kutisha katikati, lakini imalizike mlango ukiwa umefungwa.

Pili, msizidishe chumvi. Patterson mwenyewe alikuja kutaja watu 135 waliouawa, lakini wataalamu waliochunguza mifupa na manyoya ya simba wale walikadiria mwaka 2009 kwamba walioliwa walikuwa kama 35. Hata hao 35 ni wengi mno. Tena, vifo vya vibarua wa Kihindi viliandikwa, lakini Waafrika wengi waliokufa pale hawakuwekewa kumbukumbu. Tunaposimulia, tuwakumbuke hao pia. Wasiwe chakula cha simba tu katika hadithi zetu.

Tatu, swali la "ungefanya nini" liwe na jibu la kumfaa mtoto. Mfundisheni kwamba akikutana na simba asikimbie, kwani akikimbia huonekana windo. Asitembee peke yake gizani palipo na wanyama wakali. Na akiogopa, amwamshe mtu. Kuogopa si aibu. Aibu ni kumwacha mwenzako aogope peke yake.

Nanyi mlio mbali na nyumbani, mkipata nafasi ya kupiga simu jioni, ombeni mzungumze na watoto. Waulizeni, "Leo zamu ni ya nani?" Watawajibu kwa fahari.

Hadi juma lijalo, nawatakieni usiku mwema na milango iliyofungwa vizuri.