Dongo Kundu la Paris na Viwanja Vitupu vya Diani

Kila mwaka, baina ya mwezi wa Aprili na mwanzo wa Juni, hutokea mambo mawili kwa wakati mmoja ambayo, kwa mtazamo wa haraka, hayana uhusiano wowote. Huku kwetu pwani ya kusini, kuanzia Likoni hadi Vanga, masika hushika, upepo wa kusi huanza kuvuma, na hoteli za Diani hubaki na wageni wa kuhesabika. Baadhi hufunga milango kabisa, na vibarua wake hurudi Ukunda, Msambweni na Kinango kungoja Julai. Huko Ulaya, wachezaji bora wa tenisi duniani huacha viwanja vigumu na kuanza safari ya majuma mengi katika viwanja vyekundu: Monte Carlo, Madrid, Roma na hatimaye Paris, katika uwanja wa Roland Garros. Sisi wapenzi wa mchezo huo huuita msimu wa udongo. Ninakusudia kuonyesha katika makala haya kwamba msimu wao na msimu wetu vina jambo la kuambiana, na kwamba jambo hilo linawahusu zaidi walimu na wanafunzi wa Kaunti ya Kwale.

Kwanza tuondoe utata wa jina, maana kazi yangu ni isimu na siwezi kulipita neno bila kulisalimu. Magazeti yetu, yanapopata nafasi ya mistari mitatu chini ya habari za kandanda, hutuambia kwamba mchezaji fulani ameshinda katika "uwanja wa udongo wa mfinyanzi". Tafsiri hiyo inatokana na Kiingereza, na Kiingereza chenyewe hapa kinapotosha. Chini ya miguu ya wachezaji wa Paris hakuna mfinyanzi. Kuna mawe, kuna kokoto, kuna tabaka la mawe meupe ya chokaa yaliyosagwa na kushindiliwa, na juu yake kuna unga wa matofali mekundu wenye unene usiozidi milimita mbili hivi. Ule wekundu unaotujaza macho kwenye televisheni ni kama rangi ya mdomo tu: mwili wenyewe ni wa chokaa. Wafaransa husema terre battue, yaani ardhi iliyopigwa, na ajabu ni kwamba Kiswahili cha pwani kina kitenzi kinachoitosha maana hiyo kuliko Kiingereza. Bibi zetu waliposhindilia sakafu ya nyumba ya udongo kwa vipande vya mti, huku wakinyunyiza maji kidogo kidogo, walikuwa wakifanya kazi ile ile inayofanywa na watunza viwanja wa Roland Garros. Ningependekeza basi tuseme "uwanja wa kushindilia", lau kama wahariri wa michezo wangekubali kunisikiliza.

Mfinyanzi naye hakukosa fungu lake kabisa. Husimuliwa kwamba mnamo 1880 ndugu wawili Waingereza, akina Renshaw, waliona nyasi za viwanja vyao huko Cannes zikikauka kwa jua, wakazifunika kwa unga wa vyungu vilivyoharibika tanuruni katika mji jirani wa Vallauris. Kwa hiyo asili ya uwanja mwekundu ni vigae. Nasi tuna jina la mahali linalofaa kuwa jina la pili la Roland Garros: Dongo Kundu, pale kusini mwa Kilindini ambapo barabara mpya inaelekea Kwale. Sarufi ya leo ingedai "dongo jekundu", lakini jina la mahali limelihifadhi umbo la kale la kivumishi hicho, kama majina ya mahali yafanyavyo aghalabu.

Je, udongo huo una siri gani hata mashabiki tukeshe kwa ajili yake? Mpira unapotua kwenye unga uliolegea, husuguana nao na kupoteza sehemu ya mwendo wake, kisha huinuka juu zaidi kuliko katika nyasi au saruji. Mpigo ambao Wimbledon ungemaliza kazi, huku Paris hurudishwa, ukarudishwa tena, na tena. Mwenye nguvu peke yake hapati faida kubwa. Anayefaidi ni mwenye pumzi, subira na akili ya kupanga mpigo wa nne angali anapiga wa kwanza. Mchezaji hutakiwa kuteleza kwa makusudi ili aufikie mpira, na kuteleza huko ni elimu kamili, isiyopatikana ukubwani ila kwa taabu. Waliozaliwa karibu na viwanja hivyo huonekana wakicheza ngoma ya kwao; wageni huonekana kama waliovaa viatu vya kuazima.

Hakuna mfano bora kuliko Rafael Nadal, aliyestaafu Novemba 2024. Alitwaa taji la Roland Garros mara 14, na katika mechi 116 alizocheza huko alishindwa 4 tu. Watu husifu mkono wake wa kushoto. Mimi hupenda zaidi kukumbusha alikotoka: mji wa Manacor katika kisiwa cha Mallorca, kisiwa ambacho, kama Diani, huishi kwa fedha za watalii wafuatao jua na mchanga. Tofauti ni kwamba mtoto wa Manacor hakuhitaji kuwa mgeni wa hoteli ili ashike raketi. Palikuwa na klabu ya mji, palikuwa na ami yake mwenye kufundisha, na palikuwa na udongo. Msomaji na auweke akilini mfano huo, tutaurudia.

Ama fainali ya wanaume ya tarehe 8 Juni 2025, baina ya Carlos Alcaraz wa Uhispania na Jannik Sinner wa Italia, sijui niieleze vipi kwa asiyeiona. Ilianza mnamo saa kumi jioni kwa saa zetu na kwisha saa tatu usiku imekwisha kupita. Ilichukua saa 5 na dakika 29, fainali ndefu kuliko zote katika historia ya mashindano hayo. Sinner alikuwa ameshinda seti mbili za kwanza, na katika ya nne akapata nafasi tatu za kumaliza, moja tu ikihitajika. Zote tatu zikamponyoka, na Alcaraz akatwaa taji. Mwalimu anayetafuta insha ya kidato cha tatu kuhusu subira asihangaike na methali mwaka huu. Awaonyeshe wanafunzi dakika ishirini za seti ile ya nne.

Liko jambo jingine la udongo linalonivutia kitaaluma: udongo huandika. Mpira ukitua huacha alama, na kwa miaka mingi mwamuzi alishuka kitini, akaisoma alama hiyo kwa macho yake, na hukumu ikatoka. Katika ziara ya wanaume ya 2025, mitambo ya kielektroniki ilichukua kazi hiyo hata katika viwanja vya udongo, na huko Madrid Alexander Zverev, akiona alama haipatani na kauli ya mtambo, akaitoa simu yake na kuipiga picha. Alichopata ni onyo. Paris mwaka huo iliendelea na waamuzi wa mistari. Nakubali kwamba mtambo hukosea mara chache kuliko jicho. Hata hivyo, mtu anapoambiwa asiamini maandishi yaliyo mbele yake kwa sababu sauti kutoka sandukuni imesema vingine, hilo si jambo la tenisi pekee, na wasahihishaji wa mitihani wananielewa.

Sasa tuje nyumbani. Mnamo Julai 2022 msichana wa Kikenya, Angella Okutoyi, akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, alitwaa taji la wasichana wawili wawili katika mashindano ya vijana ya Wimbledon. Alikuwa Mkenya wa kwanza kupata taji katika yale mashindano manne makuu. Wengi walishangilia nyasi za Wimbledon. Wachache waliuliza alianzaje. Alilelewa na nyanya yake, aliyefanya kazi ya usafi katika shule moja jijini Nairobi, na shule hiyo ilikuwa na kiwanja cha tenisi. Kisha akapelekwa katika vituo vya mafunzo vya Bujumbura na baadaye Casablanca, miji ambayo tenisi yake huchezwa katika udongo mwekundu. Tuzitazame hatua hizo kwa makini. Kipaji kilikuwapo, lakini kilichokifungulia njia ni kwamba ajira ya nyanya mmoja ilikuwa hatua chache kutoka kwenye wavu, na hakuna aliyemfukuza mtoto.

Walioshindwa katika fainali ile ni wasichana wawili wa Kanada, na mmoja wao ni Victoria Mboko, ambaye wazazi wake walihama kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Seti ya tatu iliamuliwa kwa pointi 11 kwa 9, yaani pande hizo mbili zilikaribia kuwa sawa. Tazama basi miaka mitatu baadaye. Mboko aliingia Roland Garros ya 2025 kwa kupitia mechi za mchujo, akafika raundi ya tatu, na Agosti mwaka huo, angali na miaka 18, akatwaa taji la Montreal kwa kumshinda Naomi Osaka. Okutoyi alipata medali ya dhahabu ya Michezo ya Afrika huko Accra mnamo Machi 2024, ushindi mkubwa usio na shaka. Lakini tenisi ya Olimpiki ya mwaka huo, iliyochezwa katika udongo ule ule wa Roland Garros, alibaki kuitazama, kwa kuwa nafasi yake katika orodha ya dunia haikufikia kiwango kilichotakiwa. Orodha hiyo hupandwa kwa kucheza mashindano mengi, na mashindano mengi ni nauli nyingi, na makocha, na viwanja. Yeyote atakayeniambia kwamba pengo hilo ni la damu au la bidii, nitamwomba aitazame tena ile 11 kwa 9.

Pwani ya kusini inaingiaje hapa? Inaingia kupitia mlango wa nyuma wa hoteli. Ukanda wa Diani una hoteli kadhaa zenye viwanja vya tenisi vilivyojengwa kwa ajili ya wageni. Wapishi, watunza bustani, madobi na walinzi wa hoteli hizo ni wazazi wa wanafunzi wetu. Kwa maneno mengine, tunao watoto wengi ambao nyanya, mama au baba yao hufanya kazi hatua chache kutoka kwenye wavu, hali ile ile iliyomtoa Okutoyi. Kinachokosekana ni ruhusa. Na wakati ambapo ruhusa hiyo haimgharimu mtu chochote ni huu hasa wa msimu wa udongo, ambapo mgeni hayupo, kiwanja kinaota ukungu, na kijana aliyekuwa akiwaokotea wageni mipira amerudi kwao kuparura mihogo.

Nimeyasikia majibu ya upande wa pili, nami siyadharau. Husemwa kwamba mvua za masika haziruhusu mchezo. Ni kweli kwa baadhi ya siku, lakini mvua zetu nyingi hunyesha usiku na alfajiri, na kiwanja kigumu hukauka kabla ya adhuhuri. Husemwa kwamba mtoto akivunjika mkono hoteli itashtakiwa. Hoja hii ni nzito, na dawa yake ni barua ya makubaliano baina ya shule na hoteli, mwalimu akiwapo wakati wote, kama ifanyikavyo kwa safari yoyote ya masomo. Husemwa pia kwamba tenisi ni mchezo wa matajiri. Hapa ndipo ninapokataa waziwazi. Mchezo ukifungiwa ndani ya ua la matajiri utakuwa wa matajiri, hata kama ni bao. Tenisi imo katika michezo ya shule za sekondari nchini, na chini ya mtaala wa umilisi sanaa na sayansi ya michezo ni mojawapo ya mikondo mitatu ya sekondari ya juu. Shule ya Msambweni au Lunga Lunga itafundishaje mkondo huo kwa mpira mmoja wa miguu na nguzo mbili za mikoko?

Wala hatuhitaji kungoja hoteli daima. Mawe ya chokaa ya Tiwi na Waa tunayachonga kila siku. Udongo mwekundu wa vilima vya Shimba tunaukanyaga. Vipande vya matofali na vigae hutupwa kila palipojengwa. Ujuzi wa kushindilia bado uko mikononi mwa wazee. Kiwanja kamili kinahitaji eneo la mchezo la mita 23.77 kwa 10.97, pamoja na nafasi ya kukimbilia pande zote. Kukijenga si ghali sana. Kilicho kigumu ni kukitunza, maana udongo hutaka kumwagiwa maji, kupigwa brashi na kusawazishwa kila siku, na shule isiyo na maji ya kunywa haiwezi kumwagilia kiwanja. Kwa sababu hiyo ningeanza na hoteli, kisha kaunti ijenge kiwanja kimoja cha umma Ukunda na kingine Msambweni, karibu na visima.

Kwa walimu watakaotaka kujaribu, mambo ya kivitendo ni machache. Likizo ya Aprili ni ya majuma matatu hivi. Shirikisho la kimataifa la tenisi limeruhusu, tangu 2012, mipira laini tu katika mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini, na kwa mipira hiyo kiwanja kimoja hugawanywa kuwa vidogo vinne, kwa hiyo watoto 16 hucheza kwa pamoja, wawili wawili kila upande. Raketi nane zilizotumika zinatosha kuanza, watoto wakipokezana, na wageni wengi huziacha hotelini waondokapo. Barua kwa meneja ifike kabla ya mwisho wa Machi, maana hoteli ikishafungwa meneja naye huenda likizo, na mlinzi wa lango hana mamlaka ya kutoa ufunguo.