Nani Atakuuliza Jumamosi?

Juma lililopita tulipokea barua ya kijana mmoja wa darasa la tano la sekondari. Jina lake tunalificha, wala hatusemi anakaa parokia gani, maana shida yake si yake peke yake. Anasema kwamba vakansi kubwa ya mwaka uliopita ilipokaribia, aliazimu kuandika kitabu cha kurasa 300. Aliwaambia wazazi wake, akawaambia wanafunzi wenzake, akawaambia hata akina mama wanaouza ndizi penye kona ya njia yao. Wote walifurahi. Wengine wakaanza kumwita Mwandishi. Vakansi ilipokwisha, kurasa zilizoandikwa zilikuwa kumi na moja. Sasa kijana huyo huzunguka kwa njia nyingine akienda shuleni, ili asikutane na wale akina mama. Naye anatuuliza: «Je, nilishindwa kwa sababu niliwaambia watu, ama kwa sababu mimi si mtu wa kuandika?»

Kijana wangu, nitaanza kukujibu kwa hesabu, maana hesabu haimtukani mtu. Vakansi kubwa ni majuma tisa hivi. Kurasa 300 kwa majuma tisa ni kurasa 33 kila juma, pasipo kuugua, pasipo kupokea mgeni, pasipo kumsaidia mama shambani hata siku moja. Sasa sikiliza habari za Mwingereza mmoja, Anthony Trollope, aliyezaliwa mwaka 1815 na kufa mwaka 1882. Alikuwa mtu wa posta. Alifanya kazi ya serikali tangu mwaka 1834 mpaka mwaka 1867, na pamoja na kazi hiyo alikuwa mwandishi; riwaya zake zote ni 47. Aliamka alfajiri, akakaa mezani saa kumi na moja na nusu, akaweka saa yake mbele yake, akajidai maneno 250 kila robo ya saa. Kabla ya kuanza kitabu alipiga mistari katika daftari ya siku, na kila siku aliandika humo idadi ya kurasa alizomaliza, hata siku ya uvivu ikamtazama kwa haya. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba desturi yake ilikuwa kurasa 40 kwa juma. Mara nyingine zilishuka mpaka 20.

Unaona, basi? Wewe, usiyepata kuandika kitabu hata kimoja, ulijitwika mzigo uliokaribia kuwa sawa na ule wa mtu huyo, ambaye riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1847, akahangaika miaka mingi kabla ya kujulikana. Kurasa zako kumi na moja si ushuhuda kwamba huna kipaji. Ni ushuhuda kwamba ulikosa kupima.

Jambo jingine la Trollope lanipendeza kuliko zile kurasa. Alikuwa na mtumishi mzee, akamwongezea mshahara pauni tano kwa mwaka kwa kazi moja tu: amwamshe alfajiri kwa kikombe cha kahawa, wala asimwonee huruma. Trollope alikiri baadaye kwamba labda alikuwa na deni kwa mzee yule kuliko kwa mtu mwingine awaye yote. Hakutangaza habari zake sokoni. Alitafuta mtu mmoja atakayebisha mlangoni.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako la kwanza. Kuwaambia watu ni kwa namna mbili, nazo zafanana kama mapacha, lakini matunda yake ni mbalimbali. Mwaka 2009 mtaalamu wa saikolojia Peter Gollwitzer na wenzake walitangaza majaribio waliyoyafanya juu ya jambo hilo. Wanafunzi wa sheria, kwa mfano, waliandika nia zao za kujifunza kwa bidii ili wawe wanasheria wema. Nia za wengine zilisomwa na kutambuliwa na msimamizi. Za wengine hazikusomwa na mtu. Halafu wakapewa kazi ya sheria, kila mmoja afanye kadiri apendavyo. Wale waliotambuliwa ndio waliofanya kazi kidogo zaidi! Wataalamu hao waeleza hivi: mtu akisifiwa kwa nia yake, moyo wake huonja mapema ile heshima aliyoitamani, na njaa ya kazi hupungua. Wewe nawe uliitwa Mwandishi kabla ya kuandika. Ulikula karamu kabla ya mavuno, ukashiba.

Lakini mwaka 1989 Mmarekani mmoja, Robert Boice, alitoa matokeo mengine, nayo yaonekana kuyapinga hayo. Aliwachukua walimu wa chuo kikuu waliokuwa wakilalamika kwamba hawapati nafasi ya kuandika, akawagawa makundi matatu. Wa kwanza waliendelea na desturi yao. Kwa mwaka waliandika kwa wastani kurasa 17. Wa pili waliandika kidogo kila siku na kutunza hesabu. Wakapata kurasa 64. Wa tatu walifanya vile vile, lakini pamoja na hayo kila juma walimwonyesha mtu mwingine hesabu yao. Hao walipata kurasa 157.

Je, mambo hayo yapingana kweli? Mimi sioni hivyo. Wanafunzi wa sheria walitambuliwa kwa jinsi wanavyotaka kuwa. Walimu waliulizwa juu ya kazi waliyoifanya tangu Jumatatu. Anayesema «Mimi nitakuwa mwandishi» aomba heshima; anayesema «Jumamosi nitakuletea kurasa mbili» ajifunga deni.

Nisije nikaonekana kama mwenye hekima ya kuzaliwa nayo, nitawasimulia jambo langu mwenyewe, ingawa silipendi.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa kwenye arusi ya binti ya mjomba wangu. Wazee walikuwapo, na pombe ya ndizi ilikuwapo. Nilisimama nikasema mbele ya wote kwamba nitaandika habari za ukoo wetu tangu mwanzo hata leo: tulitoka mlima gani, nani alitelemka wa kwanza kwenda kufanya kazi katika mashamba ya chai, nani alijenga wa kwanza Bukavu. Walinipigia makofi, na akina mama wakapiga vigelegele. Mjomba, ambaye peke yake aliyajua mambo hayo yote, alikwenda mwenyewe kuninunulia daftari nene lenye jalada gumu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema: «Mwanangu, sasa naweza kuzeeka.»

Mwezi mzima nilitembea nikiwa mtu mwenye kitabu. Niliandika jina la kitabu kwa herufi kubwa zenye mapambo, na chini yake jina langu. Niliandika dibaji ya kurasa tatu, nikiwashukuru watu ambao hawajanisaidia bado. Halafu palikuja mitihani ya watoto, zikaja kazi za ofisi, ikaja vita ya uvivu, ambayo haina risasi lakini huua. Kila nilipokwenda kumsalimu mjomba, alinipa kiti, akaniuliza habari za watoto na za kazi. Juu ya daftari hakuuliza hata mara moja. Alidhani kumwuliza msomi kazi yake ni kumvunjia heshima, nami nilifurahi kwamba hakuuliza. Alingoja miaka mitatu. Alifariki wakati wa kiangazi.

Katika matanga watu walianza kubishana majina ya vijana wanne waliosafiri naye kwa miguu mara ya kwanza. Mmoja alitaja hili, mwingine lile. Kisha wote wakanigeukia: «Wewe uliandika; tuambie.» Majina mawili tu ndiyo yamejulikana mpaka leo. Yale mengine mawili yalikwenda naye.

Baada ya siku arobaini, mke wa mjomba, ambaye sote twamwita Mama, aliniita jikoni. Hakunigombeza. Aliendelea kuchagua maharage huku akisema: «Mwanangu, kitabu sikitaki. Jumapili utakuja kula hapa. Uje na karatasi moja.» Nilimwuliza: «Karatasi ya nini, Mama?» Akajibu: «Ya yale nitakayokuambia leo.» Akaniambia habari za ng'ombe wa mahari yake.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuandika kweli. Karatasi moja, kila Jumapili. Mama hajui kusoma, mimi humsomea kabla chakula hakijaletwa, naye hunisahihisha: «Hawakuwa wawili, walikuwa watatu, yule wa tatu alikuwa mgonjwa.» Ninapokuja mikono mitupu, hanikasirikii. Hunipa chakula kama kawaida, lakini huuliza mbele ya wajukuu: «Karatasi iko wapi?» Niwaambieni, ndugu zangu, ugali wa siku hiyo haupiti kooni. Sasa nina kurasa 61. Makofi ya arusi yalinipa kurasa nne, na tatu kati ya hizo ni shukrani.

Basi, kijana wangu, fanya hivi. Kwa majuma mawili usimwambie mtu neno. Andika kila siku kadiri unavyoweza kweli, baada ya masomo na baada ya kuchota maji, na jioni andika nyuma ya daftari idadi ya mistari. Usijidanganye, hakuna atakayeiona. Majuma hayo yakiisha, utajua nguvu zako. Kisha uahidi nusu yake. Ndiyo, nusu! Maana malaria itakuja, na matanga yatakuja, na siku za kukosa taa zitakuja, na ahadi yako haina budi kupita katikati ya hayo yote. Kama nusu hiyo ni kurasa mbili kwa juma, usione haya. Kurasa mbili kwa juma ni kurasa 104 kwa mwaka. Daftari ya kurasa mia itajaa kabla mwaka haujaisha.

Tena uahidi kitu kilicho mkononi mwako. Usiahidi kitabu kizuri, wala kitabu kitakachopigwa chapa, wala tuzo. Paul Lomami Tshibamba alipopewa tuzo huko Brussels mwaka 1948 kwa ajili ya hadithi yake Ngando, tuzo ilitoka mikononi mwa waamuzi. Kilichokuwa mkononi mwake ni kuandika hadithi na kuimaliza.

Na huyo mtu wa kukuuliza, umchague vizuri. Asiwe mwenye kukuchekelea, wala asiwe yule akusifuye kabla hujaandika. Huyu wa pili ndiye hatari zaidi, kwa kuwa tunampenda. Afadhali awe mtu mwenye haja na kile unachoandika, anayetaka kujua mambo yaliyofuata. Bibi yako asiyejua kusoma aweza kuwa mkaguzi mkali kuliko mwalimu wa Kifaransa.

Utaniuliza: na nikikosa juma moja? Mwaka 1836 Charles Dickens, kijana wa miaka 24, alianza kutoa kitabu chake The Pickwick Papers kwa vipande, kimoja kila mwezi, huku mwisho wake haujaandikwa. Nchi nzima ya Uingereza ikawa inamngoja. Mwezi wa Mei mwaka 1837 shemeji yake, Mary Hogarth, msichana wa miaka 17 aliyempenda sana, alifariki ghafula. Kipande cha Juni hakikutoka. Dickens hakujificha wala hakutunga uongo: wasomaji waliambiwa sababu. Mwezi wa Julai kipande kilitoka, na mwezi wa Novemba mwaka ule ule kitabu kilikwisha. Mwezi wa Julai hakujaribu kutoa vipande viwili ili kulipa deni. Nawe usijaribu, kwani wengi huvunjika mgongo hapo, wakitaka kulipa Jumamosi moja madeni ya mwezi mzima.

Sasa rudi kwa njia yako ya zamani, ukapite mbele ya wale akina mama. Wakikuuliza habari za kitabu, waambie: «Kitabu bado, ninazo kurasa kumi na moja.» Nao watacheka, bila shaka. Uwaache wacheke. Halafu nunua ndizi.

Nami, kwa kuwa si haki kumvisha mwenzangu nira nisiyoivaa, nasema mbele ya wasomaji wote wa ukurasa huu: kabla ya Noeli nitaongeza karatasi kumi juu ya zile 61. Mbili kati yake zitakuwa za wale vijana wanne, kwa maana Mama amekumbuka kwamba dada ya mmoja wao yu hai bado, ng'ambo ya ziwa, na macho yake yamefifia lakini kumbukumbu yake ni nzima. Nitakwenda kumwona Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Mtakaonikuta njiani baada ya siku hiyo, msiniulize habari za watoto kwanza. Niulizeni majina.