JINA LAKO, HATI YA DALALI!

Ndugu msomaji, hebu tuulizane. Ukinunua kiwanja Mbagala, pesa ukatoa wewe, hati ikaandikwa jina la dalali, kiwanja ni cha nani? Jibu unalijua, ndiyo maana unacheka.

Acha kucheka, maana ndivyo unavyofanyiwa kwenye intaneti. Kijana wa Kariakoo anauza spea. Anamwita fundi wa tovuti, anamlipa laki tatu za jasho lake. Fundi anasajili jina la .com, lakini kwenye daftari la msajili anajiandika yeye, na barua pepe yake. Miaka miwili baadaye biashara imechanganya, kijana anataka kuhama. Fundi anasema: leta milioni mbili! Huo si ufundi, ni utekaji nyara. Hata mimi yalinikuta. Nilipodai jina langu niliambiwa nikashitaki ninakotaka.

Sheria hakuna? Zipo! ICANN, shirika lenye makao California linalosimamia mfumo wa majina haya, linamtaka msajili wa .com ampe mwenye jina namba ya siri ya uhamisho ndani ya siku 5 akiiomba. Kanuni iliyoanza Desemba 2016 ikaweka na kufuli la siku 60 mmiliki anapobadilika, ili mwizi asikimbie na jina. Maneno matamu! Lakini "mwenye jina" ni nani? Ni aliyeandikwa daftarini! Kwa hiyo sheria inamlinda dalali, na mlalahoi aliyelipa anaachwa kwenye mataa.

Utasema usuluhishi upo. Ndiyo, tangu 1999. Ukipeleka shauri WIPO kule Geneva, msuluhishi mmoja ni dola 1,500, na lazima uonyeshe haki ya alama ya biashara. Muuza spea azitoe wapi?

Tena usidhani wanaoonewa ni wadogo peke yao. Juni 2019 kikomo cha bei za majina ya .org kiliondolewa. Novemba mwaka huo huo ikatangazwa kwamba shirika linaloyaendesha linauzwa kwa kampuni ya Ethos Capital, dola bilioni 1.135! Majina zaidi ya milioni 10, mengi ya vyama na mashirika ya kujitolea, yanauzwa juu ya vichwa vya wenyewe! Wenyewe wakapiga kelele. Mwanasheria Mkuu wa California akaandika barua kupinga. Tarehe 30 Aprili 2020, ICANN ikakataa. Mnaona? Kelele zinafanya kazi!

Basi nasi tupige. Kanuni za majina ya .tz hupangwa hapa hapa nyumbani, si California. Wakubwa hawana pa kujificha. Tunataka zitangazwe kwa Kiswahili cha mtaani, na anayemsajilia mteja jina alazimishwe kuandika la mteja. Akikiuka, abanwe!

Nawe kijana, kabla ya kutoa hata senti, dai kuonyeshwa daftari. Barua pepe iwe yako, nywila iwe yako, risiti uitunze.

Mjini shule, sawa. Lakini ada tumeshalipa vya kutosha. Hati mkononi, au hakuna malipo!