"Haumi" Si Kamba

Kuna neno moja ambalo kila mtu anayetembea kwa miguu Nairobi ameshalisikia. Umetoka zako steji, unga mkononi, unawaza mambo ya rent, ghafla German Shepherd mzima anakujia mbio masikio yamesimama. Mwenyewe yuko huko nyuma, macho kwa simu, kamba ameivaa shingoni kama skafu. Akiona umeganda kando ya mtaro anapaza sauti, tena anacheka: "Usiogope, haumi!"

Boss, mimi nitajuaje?

Hiyo "haumi" ni habari ya jinsi mbwa anavyoishi na wewe. Wewe ndiye unampa ugali na matumbo. Anajua harufu yako na mlio wa gari lako. Mimi hanijui. Kwake mimi ni mtu amebeba kitu kinanukia, anatembea haraka, na sasa anaogopa. Na tusidanganyane, kila mbwa aliyewahi kuuma mtu alikuwa "haumi" mpaka siku hiyo. Hakuna anayeamka na ratiba.

Halafu kuna hili linalonichekesha kwa uchungu. Geti lako limeandikwa MBWA KALI. Herufi kubwa, rangi nyekundu, na picha ya meno juu. (Mwalimu wa Kiswahili atasema ni "mbwa mkali", lakini hilo vita tulishindwa kitambo.) Sasa niambie, huyo mbwa akivuka geti ukali anauacha wapi? Kwa wochi? Ndani ni kali, nje haumi. Chagua moja.

Ukweli ni kwamba wengi wetu hatufugi mbwa wa kutembea. Tunafuga kengele yenye miguu minne. Mchana amefungiwa kwa banda, usiku anafunguliwa azunguke kompaundi. Maisha yake yote kazi aliyofundishwa ni moja: mtu asiyemjua akikaribia, mfukuze. Na watu hao asiowajua ni akina nani? Boda analeta chakula. Fundi wa maji. Mama mboga. Mtoi anaokota chupa za plastiki. Watu wa miguu, watu wa kawaida. Sasa Jumapili jioni unaamua ni siku ya kunyoosha miguu, unamtoa mbwa huyo barabarani, mahali ambapo kila mtu ni boda, fundi, mama mboga na mtoi. Ulitarajia nini, manze? Amefanya kazi uliyompa, ila ameifanyia mahali si pake.

Tuongee sasa kuhusu kitu ambacho watu hukwepa kwa sababu kinaharibu mood. Kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu bado unaua Wakenya, na duniani inakadiriwa ni makumi ya maelfu ya watu kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Karibu visa vyote vya binadamu hutoka kwa mbwa, kama asilimia 99. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Sio malaria hii, hakuna cha kusema "nitameza dawa kesho." Ukiumwa, unaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, halafu unaenda hospitali siku hiyo hiyo. Ratiba ya kawaida ya sindano ni ya leo, siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Hesabu nauli. Hesabu siku za kazi. Hesabu mara ngapi utaambiwa hapa hatuna chanjo, jaribu kwingine. Yote hayo kwa sababu mtu alikuwa mvivu wa kubana klipu ya kamba.

Na wanaoumia zaidi si sisi wenye midomo mirefu. Shirika la Afya Duniani linasema 4 kati ya watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto wa miaka minne akisimama, uso wake uko sawasawa na mdomo wa Rottweiler. Akiogopa anakimbia, na mbwa akiona kitu kinakimbia anakifuata. Utamwelezaje mtoto "simama wima, usimwangalie machoni"? Hata mtu mzima anasahau.

Sasa kuna kundi la wenye mbwa ambao hunikasirisha kuliko wengine. Ni wale wanaosema Wakenya wanaogopa mbwa kwa ushamba. Ati majuu mbwa hupanda treni na kukaa kwa mikahawa na hakuna anayelia. Sawa. Lakini wengi wetu tulijifunza mbwa ni nini tukiwa tunaenda shule asubuhi na mapema, kabla jua kutoka, mbwa wa mtu hajafungwa na mwenyewe amelala. Uoga huo ulikuja kwa njia halali kabisa. Hakuna aliyekuteua daktari wa kuuponya kwa kumwachilia mbwa wako atunuse magoti.

Na si kila mtu anamkwepa mbwa wako kwa uoga. Jirani yako Mwislamu, wa Eastleigh, South C au Mombasa, pengine hana shida yoyote na mbwa. Ila Waislamu wengi wa huku wanafuata madhehebu ya Shafi, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Mahali palipoguswa panaoshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Sasa mzee wa watu ametoka na kanzu yake safi kwenda kuswali Magharibi, mbwa wako anamrukia na kumlamba mkono, nawe unasema "ameshakupenda huyo!" Umemrudisha nyumbani na swala inampita. "Haumi" hapo inajibu nini? Mbwa mwenyewe hana kosa. Kosa ni lako, maana ulidhani kila mtu ametoka nje kuja kusalimiwa na mnyama wako.

Tukija kwa nani anashika hiyo kamba. Nenda Kilimani au Lavington saa kumi na moja jioni ujionee. Dada wa kazi mwembamba anaburutwa na Boerboel mwenye uzito kumshinda. Dada mwenyewe anamwogopa huyo mbwa, na hakuna aliyemfundisha chochote, aliambiwa tu "mpeleke akajisaidie." Au unapata mtoto wa darasa la tano ameshikishwa kamba ndiyo ajifunze kuwajibika. Kama mbwa anakuvuta na huwezi kumsimamisha, basi yeye ndiye amekupeleka matembezi. Na akiuma mtu, unajua nani atafutwa kazi. Hata hivyo kamba kumpa mwingine hakukuoshi mikono. Kanuni ya Adhabu ya Kenya inasema ni kosa kukosa kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutoka kwa mnyama uliye naye. Haisemi lazima kwanza damu imwagike.

Najua jibu lililo tayari: "Mbwa wa mtaani wamejaa na hawana kamba, mbona mnatuandama sisi?" Wa mtaani hana mwenyewe, kaunti ndiyo ya kuulizwa. Wako ana mwenyewe, na ndiye naongea naye. Isitoshe, mbwa wengi wa mtaani wameishi kwa kujifunza kukwepa watu. Ukiinama tu kama unaokota jiwe, ametoweka. Wako hajawahi kurushiwa jiwe. Anakuja moja kwa moja.

Jibu la pili ni kwamba kamba ni ukatili, mbwa anahitaji uhuru. Nikisikia hivyo huwa nauliza: Karura mnaendaga? Mnaenda. Kila wikendi, na picha mnapiga. Kule kanuni ni mbwa awe kwa kamba, maana kuna kima, paa, watu wa baiskeli na watoto. Na mnaifuata! Mnalipa langoni, mnafunga kamba, mnatembea kama watu wa heshima. Halafu mnarudi mtaani, kwa binadamu wenzenu, mnaifungua. Kwa hivyo mnajua kabisa jinsi ya kufanya. Mmeamua tu kwamba paa anastahili adabu kuliko mama mboga.

Mimi pia nina mbwa. Anaitwa Simba, bila ubunifu wowote, ni chotara wa kawaida wa Kenya na ni mwoga wa radi. Anatembea kwa kamba kila siku. Nikiona mtu mbele naifupisha na kumhamishia upande wa pili, mtu apite kwanza. Mavi yake naokota kwa gazeti, kwa sababu ile ya "mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017" si sababu, magazeti ya zamani bado yapo. Na kamba inamlinda yeye pia. Nairobi mbwa aliye peke yake barabarani ana matatu mbele na mawe nyuma. Akimuuma mtu, hakuna umati utakaongoja kusikia vile ni mpole nyumbani.

Na ikitokea mbwa wako amemuuma mtu, usikimbilie ndani ukamwambia soja aseme haupo. Simama hapo. Mpe mtu maji na sabuni. Toa jina na namba yako, na kadi ya chanjo yenye tarehe inayosomeka. Mpeleke hospitali, na bili ya sindano zote, hadi ya mwisho, ni yako. Mbwa abaki amefungiwa siku 10 huku daktari wa mifugo akimwangalia, na kila siku umtumie jirani ujumbe wa jinsi anavyoendelea, bila kungoja kuulizwa.