Pumu: nafuu ya haraka isikudanganye

Msomaji, ukiishi Voi huhitaji kuelezwa vumbi ni nini. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu huingia hadi kabatini. Nako Wundanyi, milimani, kuna baridi na ukungu wa asubuhi. Kwa mgonjwa wa pumu, vumbi na baridi vyote vyaweza kuamsha kikohozi na kubanwa kifua.

Kifua kikibana, wengi hukimbilia inhela ya buluu, yaani salbutamoli. Dawa hii hulegeza misuli ya njia za hewa na mgonjwa hupumua baada ya dakika chache. Lakini haigusi kiini cha ugonjwa. Ndani ya njia hizo mna uvimbe na makamasi, hata siku ambayo mgonjwa anajiona mzima.

Uvimbe huo hutulizwa na steroidi za kuvuta, kama beklometasoni na budesonidi. Dawa za jamii hiyo hiyo, zikipulizwa puani, husaidia wenye mzio wanaopiga chafya kila mara. Kazi yake huonekana baada ya siku au wiki, ndiyo maana wengi huziacha wakidhani hazifai. Tangu 2019, mwongozo wa kimataifa wa GINA haupendekezi tena mtu mzima atibiwe pumu kwa salbutamoli peke yake.

Wako pia wanaojinunulia vidonge vya prednisoloni bila cheti cha daktari. Hivi navyo ni steroidi, na huokoa maisha pumu inapozidi. Lakini kuvimeza miezi mingi huweza kudhoofisha mifupa, kupandisha sukari na kuleta mtoto wa jicho. Tena, aliyevizoea asiviache ghafla bila daktari. Steroidi ya kuvuta hufika mapafuni kwa kipimo kidogo, hivyo madhara yake ni machache. Sukutua mdomo kila baada ya kuivuta.

Shirika la Afya Duniani limeiweka budesonidi ya kuvuta katika orodha ya dawa muhimu. Kwa maoni yangu, zahanati inayotoa inhela ya buluu pekee haijamaliza kazi yake. Tangu 2013 zahanati zetu ziko chini ya kaunti. Basi muulize daktari wako, kisha mwakilishi wa wadi yako: dawa ya uvimbe ipo? Usipoziba ufa utajenga ukuta.